Wachezaji walivyopata kura

Novemba 19, 2025 wachezaji wa Old School RuneScape, gemu ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kujenga vyombo vyao na kusafiri baharini. Kwa asiyecheza, habari hiyo ni ndogo. Ukubwa wake unaonekana ukirudi nyuma miaka 10. Wazo hilohilo la ubaharia lilipelekwa kwa wachezaji mwaka 2015, likapigiwa kura, likakwama. Waliolikubali walikuwa wengi kuliko waliolikataa, ila hawakufika asilimia 75 iliyotakiwa. Kampuni yenye seva, yenye mafundi na yenye hatimiliki ikaliweka wazo lake kabatini, ikasubiri hadi wachezaji walipoulizwa tena mwaka 2023 na kuridhia.

Sisi wa Lulindi, na majirani zetu wa Masasi mjini na wa Newala kule juu uwandani, utaratibu wa namna hii si mgeni kwetu. Ndio mnada wa korosho. Wakulima hukusanyika, bei za wanunuzi zikasomwa mbele yao moja baada ya nyingine, kisha wao ndio husema tunauza au hatuuzi. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walisema hawauzi, na mwezi uliofuata Serikali ikaingilia kati na kutangaza kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo. Hata baada ya mnada kuhamia kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) mwaka 2024, mkulima bado huulizwa kama bei ameikubali. Anayeombwa maoni tu hana nguvu hiyo. Maoni yanaweza kupokelewa kwa shukrani na kufungiwa kwenye faili. Neno la kukataa husimamisha gari la mzigo. Wachezaji wa gemu za mtandaoni walianza na maoni matupu, na imewachukua miaka mingi kufika kwenye haki ya kukataa.

Gemu tunazozizungumzia ni zile ambazo maelfu ya watu huingia katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake: mpiganaji, mhunzi, mvuvi, mfanyabiashara. Ukizima kompyuta ukalala, ulimwengu ule unaendelea bila wewe. Wenzako wanajenga, wanauziana, wanapigana. Kwa hiyo mabadiliko ya sheria moja tu yanaweza kufuta kazi ya miaka ya mtu, na ndiyo maana wachezaji hawa ni wakali kuliko wa gemu nyingine yoyote.

Chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978. Mwanafunzi Roy Trubshaw aliandika programu aliyoiita MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza kuanzia mwaka 1980. Haikuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya chumba au msitu, akaandika anachotaka kufanya, na kompyuta ikamjibu kwa maandishi. Kikubwa ni kwamba aliyecheza hadi akafika ngazi ya juu kabisa alipewa mamlaka ya kuwasimamia wengine. Tangu mwanzo, basi, mstari kati ya mchezaji na mwenye mchezo haukuwa mnene.

Kati ya Novemba 1989 na Mei 1990 wachezaji hao wakongwe walijadiliana kwa maandishi swali moja: watu wanataka nini hasa kwenye gemu hii? Bartle alikusanya majibu, na katika makala aliyoitoa mwaka 1996 akayagawa katika makundi manne. Wapo wanaotafuta mafanikio, wapo wanaopenda kuvumbua siri za ulimwengu, wapo waliokuja kuzungumza na watu, na wapo wanaofurahia kuwaumiza wengine. Watengenezaji wa gemu wanayatumia makundi hayo mpaka leo. Kwangu mimi, somo lake kubwa ni kwamba hakuna kitu kinachoitwa "wachezaji wanataka". Pendekezo linalomfurahisha mvumbuzi linaweza kumkera anayetafuta mafanikio, na ukimwondolea mchokozi silaha yake, amani unayompa mwingine kwake ni adhabu.

Hilo lilikuwa limekwisha kuonekana Marekani. Kuanzia mwaka 1986 kampuni ya Lucasfilm Games ilifanya majaribio ya Habitat, ulimwengu wenye picha uliochezwa kwa kompyuta za Commodore 64 zilizounganishwa kwa laini za simu. Waanzilishi wake, Chip Morningstar na Randy Farmer, waliandika baadaye kwa ukweli unaofaa kusomwa na kila kiongozi. Walitumia wiki kadhaa kuandaa msako wa hazina, wakidhani utawashughulisha wachezaji kwa siku nyingi. Mchezaji mmoja akaumaliza ndani ya saa nane, na wengine wengi hawakupata hata nafasi ya kuanza. Wakajifunza kwamba kupanga kila kitu kutoka ofisini hakuwezekani. Wakaamua kuwatazama watu wanafanya nini, kisha wawasaidie kukifanya.

Mtihani ukaja kwenye bunduki. Habitat iliruhusu silaha, na baadhi ya watu wakaanza kuwavizia wenzao mitaani na kuwapora. Mchezaji mmoja, ambaye katika maisha ya kawaida alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki, akaanzisha kanisa ndani ya gemu na kuwakataza waumini wake kubeba silaha, kuiba au kudhuru. Wengine wakamchagua kamanda wa polisi kwa kura, kisha wakabishana awe na madaraka gani. Waendeshaji walipouliza watu kama kuua kuhesabiwe kosa au kubaki sehemu ya burudani, majibu yakagawanyika nusu kwa nusu. Suluhisho lilikuwa la busara: ndani ya mji silaha hazifanyi kazi, nje ya mji kila mtu na bahati yake. Mgawanyo huo ulirudi mara nyingi katika miaka iliyofuata.

Ultima Online, iliyoanza Septemba 1997 chini ya Richard Garriott, ni mfano mmojawapo. Wageni waliuawa na kuporwa mara tu wanapotoka mjini, seva zilikwamakwama, na manung'uniko yakawa mengi hadi kundi la wachezaji likawavua wahusika wao nguo na kwenda kuandamana ndani ya jumba la mfalme wa gemu. Mwaka 2000 kampuni iliugawa ulimwengu pande mbili, mmoja wa hatari na mwingine wa amani. Idadi kubwa ilihamia upande wa amani. Wapo wakongwe wanaolalamika hadi leo kwamba siku hiyo gemu ilikufa, na nawaelewa, ingawa nadhani walikuwa wanatetea raha iliyogharamiwa na wageni.

Jaribio la kwanza la kura yenye meno lilifanyika LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi uliokuwa kwenye kompyuta ya kituo cha utafiti cha Xerox, Palo Alto, California. Desemba 1992 msimamizi wake, Pavel Curtis, alitangaza kwamba yeye na wenzake hawataamua tena ugomvi wa watu. Watabaki na kazi ya ufundi tu. Miezi michache baadaye mtumiaji mmoja akawadhalilisha wengine hadharani kwa maandishi machafu, na ikaonekana hakuna mwenye mamlaka ya kumhukumu. Ukaundwa utaratibu: mtu yeyote aandike ombi, likipata saini za kutosha lipigiwe kura, na likiungwa mkono na theluthi mbili wasimamizi wawajibike kulitekeleza. Mei 1996 wasimamizi wakakiri kwamba kujitenga na siasa kumeshindikana, wakarudisha madaraka mikononi mwao.

Iceland walichukua njia nyingine. EVE Online, gemu ya vyombo vya anga iliyotoka Mei 2003, ilipata kashfa mwaka 2007 ilipobainika kwamba mfanyakazi wa kampuni ya CCP aliupa muungano wake wa wachezaji mali adimu kwa siri. Imani iliyovunjika haikurudi kwa maneno. Mwaka 2008 kampuni ikaunda baraza la wachezaji, wajumbe tisa waliochaguliwa kwa kura, wakasafirishwa hadi Reykjavik kukaa meza moja na watengenezaji. Wajumbe walikuwa watu wa kazi zao. Sean Smith, aliyewahi kuwa mmoja wao, alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Alipouawa Benghazi, Libya, Septemba 2012, wachezaji duniani kote walibadili majina ya vituo vyao vya anga na kuviita kwa jina alilotumia ndani ya gemu.

Baraza halikuwa na uwezo wa kuzuia jambo, na Juni 2011 hilo likaonekana wazi. CCP ilianza kuuza mapambo ya wahusika kwa bei za kushangaza. Miwani ya jicho moja tu iligharimu zaidi ya dola 60 za Marekani. Ikavuja na karatasi ya ndani ya kampuni iliyojadili kuuza vitu vingi zaidi ya mapambo. Kwa mchezaji aliyejenga meli yake kwa miezi, kununua ushindi kwa pesa ni sawa na kumwambia kazi yake ni bure. Maelfu walikusanyika Jita, soko kuu la ulimwengu ule, wakaifyatulia mizinga sanamu isiyoweza kuvunjika. Wengine wakafuta akaunti, na hapo ndipo penye uzito, maana akaunti zililipiwa kila mwezi. Wajumbe waliitwa Reykjavik kwa kikao cha dharura, kampuni ikaahidi kutouza nguvu za kivita, na Oktoba mkurugenzi wake, Hilmar Veigar Pétursson, akawaandikia wachezaji barua ya kuomba radhi. Mwezi huohuo takriban moja ya tano ya wafanyakazi walipunguzwa. Watu hao walipoteza ajira kwa sababu viongozi wao hawakusikiliza mapema, na hilo husahaulika tunaposhangilia ushindi wa wachezaji.

RuneScape yenyewe ilijifunza kwa hasara. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, ili kuwakomesha waliouza dhahabu ya gemu kwa fedha halisi, Jagex iliondoa biashara huria na mapigano ya wachezaji wao kwa wao nyikani. Wachezaji walifanya ghasia ndani ya gemu, wengi wakahama. Miaka mitatu baadaye wakaulizwa, kura zaidi ya milioni moja zikapigwa, takriban asilimia 91 wakataka virudi, na Februari 2011 vikarudi. Novemba 2012 kampuni ikakosea tena kwa kubadili mfumo mzima wa mapigano. Safari hii wachezaji walidai gemu ya zamani. Ikapatikana nakala ya Agosti 2007, kura zaidi ya 440,000 zikaitetea, na Februari 22, 2013 Old School RuneScape ikafunguliwa. Tangu hapo sharti likawa kwamba kitu kipya kinachoongezwa lazima kipigiwe kura na kupata asilimia 75. Mwaka 2022 kiwango kikashushwa hadi 70. Marekebisho ya hitilafu hayapigiwi kura.

Utaratibu huu una kasoro zake. Aliyekwisha kutajirika hukataa chochote kitakachoshusha thamani ya mali yake, na wapiga kura wanaozidi kidogo asilimia 30 wanaweza kuwazuia wengine wote. Hata hivyo gemu iliyofufuliwa kwa kura imedumu zaidi ya miaka 12. World of Warcraft, gemu ya kampuni ya Blizzard, nayo ililazimika kufuata. Blizzard ilipolazimisha kufungwa kwa seva isiyo rasmi ya mashabiki iitwayo Nostalrius mwaka 2016, watu zaidi ya 250,000 walitia saini ombi la kurejeshewa gemu ya mwanzo, na Agosti 2019 wakaipata. Miaka michache kabla, kiongozi wa kampuni hiyohiyo alikuwa amemwambia mchezaji hadharani kwamba anachokitaka hakitaki kwa kweli.

Old School RuneScape iliingia kwenye simu Oktoba 30, 2018, na kwa vijana wengi wa Lulindi simu ndiyo kompyuta. Kijana mwenye simu janja na bando anaweza kuipakua na kuicheza bure. Kura hawezi kupiga. Kura ni ya mwanachama anayelipa ada ya kila mwezi, na gemu yenyewe haina Kiswahili. Mnadani, mwenye kilo chache za korosho na mwenye tani husikiliza bei ileile na kuulizwa swali lilelile. Jagex inaweza kuanza kwa mambo mawili: anayecheza bure kwa muda wa kutosha apewe kura kwenye mabadiliko yanayomgusa, na maswali ya kura yaandikwe kwa Kiswahili pia, ili kijana wa Lulindi ajue anaulizwa nini kabla hajasema ndiyo au hapana.