Kidole Gumba cha Tumutumu

Kwa Kikuyu, alama ya kidole gumba huitwa kirore. Ni neno la ofisini, la mtu asiyejua kuandika jina lake anaposogezewa karatasi na kidau cha wino. Lakini katika Mathira, kuanzia Karatina hadi chini ya kilima cha Tumutumu, kirore likawa jina la watu, upande mmoja wa ugomvi uliopasua koo na hata nyumba. Upande wa pili waliitwa aregi, yaani waliokataa.

Misheni ya Kanisa la Scotland ilikuwa na vituo vitatu vikubwa: Thogoto karibu na Nairobi, Tumutumu ya Nyeri, na Chogoria upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Vyote vitatu viliongozwa na madaktari. Arthur alikuwa Thogoto, Philp Tumutumu na Irvine Chogoria. Jambo hilo lisisahaulike, kwa sababu madaktari hao waliona wodini madhara ya ukeketaji, wakaona wanawake wakiteseka wakati wa kujifungua. Chuki yao dhidi ya wembe ilikuwa ya kweli, na mimi siwezi kuwalaumu kwa hiyo.

Karatasi waliyoileta mwishoni mwa 1929, hata hivyo, ilibeba zaidi ya wembe. Muumini alitakiwa aape kuacha tohara ya wasichana, na papo hapo ajitenge na Kikuyu Central Association, KCA. Chama hicho kilikuwa kikidai ardhi iliyochukuliwa na walowezi, kikilalamikia kipande na kodi ya nyumba. Tangu 1928 kilikuwa na gazeti lake, Muigwithania, na mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta. Kuna uhusiano gani kati ya shamba lililoporwa na mwili wa msichana? Hakuna, isipokuwa mikononi mwa mtu anayetaka kuyamaliza yote mawili kwa kidole kimoja.

Daktari John Arthur hakuwa mchungaji wa madhabahuni tu. Aliketi katika Baraza Tendaji la koloni kama msemaji wa Waafrika, ambao hawakumchagua. KCA ilipoanza kusema kwa sauti yake yenyewe, kiti hicho kilianza kutikisika. Na sauti yenyewe ilikuwa ya nani? Ya Kenyatta, kijana aliyesomeshwa Thogoto, akabatizwa huko 1914, kisha akatiwa adabu na wazee wa kanisa kwa sababu ya pombe na ndoa ya kimila. Mwalimu kuzidiwa na mwanafunzi aliyemwadhibu ni jambo linalouma, hata kwa mtu wa Mungu. Serikali nayo haikupenda makelele, na kabla ya mwaka kwisha Arthur alilazimika kuondoka barazani.

Ukitaka kujua kama hili lilikuwa suala la Injili peke yake, tazama majirani. Wamisionari wa Consolata, Waitalia waliokuwa Mathari pale Nyeri, hawakudai kiapo kama hicho, na baadhi ya waliofukuzwa kwa Waskoti wakapokelewa kwa Wakatoliki. Waanglikana wa CMS waligawanyika, wengine wakali, wengine wapole kama waliokuwa Kahuhia. Biblia ilikuwa ileile na mlima uleule. Kilichotofautiana ni nani alikuwa na nini cha kupoteza.

Adhabu haikuishia kwenye meza ya Bwana, na hapa ndipo palipowauma watu zaidi. Shule karibu zote zilikuwa za misheni. Mwalimu aliyekataa kutia kidole alifukuzwa kazi, na mtoto wa mzazi aliyekataa alirudishwa nyumbani. Wazazi walikuwa wamekata miti na kukandika udongo wa madarasa hayo kwa mikono yao, ila majengo yalihesabiwa kuwa ya misheni. Mapema 1930 vijana waliimba Muthirigu, wimbo wa kuwakejeli wamisionari na machifu, serikali ikaupiga marufuku. Machifu walikuwa na sababu zao pia. Kamati ya shule isiyo chini ya misheni ilikuwa baraza lisilo chini ya chifu, na chifu alikula mshahara wa serikali.

Aregi wakajenga shule zao. Johana Kunyiha wa Mahiga, huko Othaya, aliongoza Chama cha Shule Huru za Kikuyu, KISA. Kwa kuwa hakuna kanisa lililotaka kuwabatizia watoto, mwaka 1935 alialikwa Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa African Orthodox Church kutoka Afrika Kusini. Alifundisha makasisi Gituamba, Murang'a, na alipoondoka 1937 alikuwa amewawekea mikono. Hapo tena watu wakagawanyika, na moja ya matawi likawa African Independent Pentecostal Church.

Marufuku ya wembe yenyewe ilifanya nini? Mwaka 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, lilipoupiga marufuku kwa msukumo wa serikali, wasichana walinunua nyembe na kujikata wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa ndani ya miaka mitatu.

Wakati huo Nyeri ilikuwa imefungwa. Hali ya Hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952, na serikali ikazifunga shule huru na makanisa yao, kwa hoja kwamba ni matundu ya Mau Mau. Baadhi ya shule zilikabidhiwa misheni zilezile zilizokimbiwa. Nao wapiganaji wa msituni waliwaua Wakristo waliokataa kiapo cha Mau Mau, na mara nyingine chini ya kiapo kulikuwa na kisa cha zamani cha mpaka wa shamba. Walokole waliokataa kiapo na pia kushika bunduki ya serikali walishukiwa na pande zote mbili.

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao wa msituni, alisoma Tumutumu. Propaganda ya serikali ilimchora kama adui wa Ukristo. Akiwa amehukumiwa kifo na mahakama iliyokaa Nyeri, tarehe 17 Februari 1957 aliandika barua kwa Padri Marino wa Misheni ya Katoliki Nyeri. Miongoni mwa aliyoyaomba lilikuwamo la mwanawe: asaidiwe kusoma. Kesho yake alinyongwa Kamiti.