Vidonda vya Sehemu za Siri: Mipaka ya Utambuzi kwa Macho

Vidonda vya sehemu za siri vinavyoambukizwa kwa kujamiiana huletwa na vimelea vichache, ila uzito wa kila kimoja hubadilika kutoka nchi hadi nchi na kizazi hadi kizazi. Katika sehemu kubwa ya dunia leo virusi vya herpesi, hasa HSV-2, ndivyo vinavyoongoza. Kaswende, iletwayo na bakteria Treponema pallidum, hufuata. Pangusa, ugonjwa wa Haemophilus ducreyi, imepungua mno, na donovanosisi ni adimu. Limfogranuloma venereamu, inayotokana na aina za L1 hadi L3 za Chlamydia trachomatis, hujulikana zaidi kwa mtoki. Kidonda chake ni kidogo na hupona kabla mgonjwa hajakishtukia.

Vitabu vya tiba hutenganisha magonjwa haya bila shida. Kidonda cha kaswende ni kimoja, kigumu, hakiumi, nacho hutokea siku 9 hadi 90 baada ya maambukizi. Cha pangusa ni laini, kinauma, kina usaha na hutoka damu kikiguswa. Herpesi huanza kwa malengelenge mengi yanayopasuka, yakapona, yakarudi tena. Maelezo hayo yanafaa kufundishia. Kuyategemea kliniki ni jambo jingine. Kidonda cha kaswende kilichoingiwa na bakteria wengine huuma. Kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, herpesi huweza kuwa donda pana lisilopona kwa zaidi ya mwezi. Vimelea viwili huweza kukaa katika kidonda kimoja. Wapo pia waliokwisha kujipaka dawa za dukani, na hapo sura ya asili imeshapotea. Kwa mwanamke shida ni kubwa zaidi: kidonda cha kaswende kilicho kwenye shingo ya kizazi hakiumi wala hakionekani, na mara nyingi maambukizi hujulikana tu damu inapopimwa kliniki ya wajawazito.

Maabara husaidia, ingawa si bila mitego. Kipimo cha damu cha kaswende kiitwacho RPR huweza kutoa jibu hasi kidonda kikiwa bado kichanga, kwa sababu kingamwili hazijatosha. Kipimo cha haraka cha kuchoma kidole hutambua kingamwili ambazo kwa kawaida hubaki mwilini maisha yote, hivyo jibu chanya halitofautishi kaswende ya leo na ile iliyotibiwa zamani. Haemophilus ducreyi ni mgumu kuoteshwa. PCR, yaani kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea, ikifanywa kwa majimaji ya kidonda ndiyo yenye uhakika zaidi, lakini zahanati nyingi hazina.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilihimiza matibabu ya kufuata dalili: mgonjwa hupewa siku hiyohiyo dawa za visababishi vyote vinavyotarajiwa mahali hapo. Utafiti wa Mwanza, Tanzania, uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwa njia hiyo katika vituo vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mafanikio hayo hayapaswi kuugeuza utaratibu kuwa sheria isiyoguswa. Mwongozo uliotungwa pangusa ilipokuwa imeenea, na usio na dawa ya herpesi, humpa mgonjwa wa leo antibiotiki asizozihitaji na kumnyima asikloviri. Miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2021 inataka kaswende na herpesi zitibiwe kwa pamoja pale ambapo vipimo havipo, na pangusa iongezwe tu inakopatikana. Uamuzi huo unahitaji sampuli za vidonda zipimwe mara kwa mara katika vituo vichache teule, jambo ambalo bajeti nyingi za afya huliweka mwisho.

Tangu mwaka 2022 orodha ya visababishi imepata mgeni: mpox, ambayo huenea pia kwa kujamiiana na imeripotiwa Kongo mashariki, Burundi, Uganda na Kenya. Vipele vyake huweza kuanzia sehemu za siri na kudhaniwa ni herpesi au kaswende. Homa, tezi zilizovimba na vipele vyenye kishimo katikati humpa tabibu sababu ya kuishuku. Uthibitisho ni PCR. Kila mwenye kidonda, hata chanzo kikijulikana, hupimwa pia VVU na kaswende, na wenzi wake huitwa wapimwe na kutibiwa.