Ukabila: Mwito wa Jahiliya Katika Zama Zetu



Ndugu msomaji, twamshukuru Allah (S.W.) kwa kutufikisha mwezi huu mtukufu. Katika safu za tarawehe miji hii ya Mlima Kenya, kuanzia Kangari hadi Nyeri na Nanyuki, Mkikuyu husimama bega kwa bega na Mmeru, Msomali na Mborana. Lakini tukishavaa viatu tukatoka nje, mambo hubadilika. Anayetafuta nyumba ya kupanga huulizwa jina la ukoo kabla ya kuulizwa kama ana kodi. Kijana akipeleka posa, swali la kwanza si swala zake, ni "kwao wapi?" Na Mkikuyu akisilimu, huambiwa eti amekuwa Mswahili, ameacha watu wake!

Je, haya tuliyarithi kwa mababu? Historia yatuambia vingine. Zamani Wakikuyu na Wamaasai walipigana, ni kweli, lakini pia walifanya biashara na kuoana, na wakati wa njaa watu walihamia kwa jirani wakapokewa. Kabila lilikuwa na mlango. Mkoloni ndiye aliyeufunga. Kila kabila liliwekewa rizavu yake, na kufikia mwaka 1920 wanaume Waafrika walikuwa wakilazimishwa kubeba kipande, na kabila limeandikwa ndani yake.

Kisha, mwaka 1955, wakati wa hali ya hatari, serikali iliruhusu Waafrika kuunda vyama vya siasa, lakini vya wilaya tu, si vya nchi nzima. Hapa kwetu Mkoa wa Kati hata hivyo havikuruhusiwa. Kwa kuwa wilaya nyingi zilifuata mipaka ya makabila, siasa yetu ilizaliwa ikiwa imebebwa na kabila mgongoni.

Uhuru ulikuja 1963, lakini mzigo ule hatukuutua. Mwaka 1971 ikaundwa GEMA, ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Na jamii nyingine zilikuwa na vyama vyao. Mwaka 1980 serikali ilivipiga marufuku. Vyama vikafa, fikra zikabaki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wengi walifukuzwa na majirani waliokuwa wakiombana chumvi.

Sasa, ndugu yangu, tazama sira. Safarini, Muhajir mmoja alimpiga Ansari. Huyu akawaita Ansari wenzake, yule akawaita Muhajirina. Mtume (S.A.W.) akauita mwito huo wa jahiliya, akawaambia wauache kwani umeoza. Zingatia: Muhajirina na Ansari ni majina matukufu, yamesifiwa ndani ya Qur'ani! Jina halikuwa na kosa. Kosa ni kuliita ili wako wakutetee, uwe na haki usiwe nayo.

Kwa hivyo hatuambiwi tukane Ukikuyu wetu wala Umeru wetu. Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kuwa makabila yamewekwa ili tujuane. Ongea lugha ya mama yako, mheshimu shosho wako. Ila nafasi ya kazi ikitokea, mpe anayestahili. Kwenye kikao, usiongee lugha ya kumfungia mwenzio nje. Na posa ikija, uliza dini na tabia.

Mwezi huu tunafunga vinywa. Tuufunge na mwito ule.

Wabillahi tawfiq.