Mkakati wa Kampuni: Somo la Mkonge wa Korogwe

Ndugu kada, mkakati wa biashara si siri ya wataalamu. Ni uamuzi wa kampuni juu ya mambo matatu: imiliki nini, itumie nguvu za nani, na hasara imwangukie nani.

Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, Handeni haikuipata. Makampuni ya mkonge yalishika ardhi ya kando ya reli, yakaleta manamba kutoka mbali. Mwaka 1944 mabepari hao waliunda SILABU, waajiri kwa pamoja badala ya kugombania wafanyakazi. Ndivyo ujira ulivyobanwa.

Mwaka 1967 Serikali ilitaifisha mashamba mengi. Mwenye mali alibadilika, lakini tegemeo likabaki lile lile: kuuza singa nje. Kamba za plastiki zilipoenea, bei ikaanguka.

Mwaka 1999 kampuni ya Katani ilianza kuwagawia wakulima wadogo viwanja katika mashamba yake, Ngombezi ikiwamo. Mkulima alipanda na kupalilia. Korona ilibaki ya kampuni.

Basi kampuni ikija kijijini, iwe Korogwe au Handeni, tusiulize zao tu. Tuulize: mashine ni ya nani, na bei ikianguka, nani atalala njaa?