Injini Baridi na Dereva Mwenye Haraka

Katika nchi zenye theluji, motokaa iliyolala nje usiku kucha haifai kuamshwa na kukimbizwa papo hapo. Baridi huifanya oili kuwa nzito, nayo huchelewa kufika mahali ambapo vyuma husuguana. Tena petroli haigeuki mvuke upesi. Kwa hiyo injini baridi sharti ipewe petroli nyingi, na ile isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda. Ndiyo sababu madereva wa zamani, ambao magari yao yalitumia kabureta, waliiacha injini ingurume dakika kadhaa kabla ya kuondoka.

Mnamo 1954 Wajerumani wa kampuni ya Mercedes-Benz walionyesha mjini New York gari la fahari liitwalo 300 SL. Milango yake ilifunguka kwa kuinuka juu, mfano wa mabawa ya shakwe, na mwendo wake ulipita kilomita 200 kwa saa. Hili lilikuwa gari la kwanza la injini ya mapigo manne kuuzwa kwa watu likiwa na pampu ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Je, ufundi huo mpya uliondoa haja ya subira?

La, uliizidisha. Pampu ile iliendeshwa na injini yenyewe. Dereva alipozima gari, pampu haikukoma kupuliza mpaka injini iliposimama kabisa. Petroli hiyo, kwa kuwa haikuungua, ilitelemka na kuchanganyika na oili. Kama oili ingalipata moto wa kutosha, petroli ingaligeuka mvuke na kutoka. Lakini gari hilo, lililozaliwa katika mashindano ya mbio ndefu, lilibeba oili nyingi, lita 10 hivi, pamoja na chombo kikubwa cha kuipoza. Katika safari fupi za mjini oili haikupata moto, ikazidi kuwa nyepesi na kupungukiwa nguvu ya kulinda vyuma. Wenye magari wengi waliziba njia ya upepo uendao kwenye chombo kile, tena wakabadilisha oili kila baada ya kilomita 1,600 hivi.

Siku hizi kompyuta ndogo hupima petroli inayoingia, wala hakuna haja ya kuiacha injini ingurume kwa muda mrefu. Inatosha kungoja kitambo kidogo, kisha kwenda pole. Hata hivyo dereva asidanganywe na kipimo cha joto la maji, kwa maana maji hupata moto kabla ya oili. Mashine zimebadilika, lakini chuma hakijabadilika: hata gari lililoumbwa kwa mbio sharti lianze kwa mwendo wa pole. Mwenda pole hajikwai.