Amplifaya ya servo inavyodhibiti kasi ya mashine ya kukereza

KASI ya kukereza chuma haichaguliwi kiholela. Kwa kisu cha chuma kigumu cha kawaida, chuma laini hukatwa kwa takriban mita 30 kwa dakika. Hivyo basi, kipande chenye kipenyo cha milimita 25 huhitaji mizunguko 380 hivi kwa dakika, ilhali cha milimita 50 huhitaji 190 pekee.

Mashine nyingi ndogo za nyumbani hubadilisha kasi kwa kuhamisha ukanda kutoka kapi moja hadi jingine, na kasi zinazopatikana ni chache. Baadhi ya mafundi hufunga mota ya mkondo mnyoofu na kupunguza volti zake kwa swichi ya kuzungusha. Hata hivyo, kisu kinapozama zaidi, mota hulemewa, kasi hushuka na kazi huharibika.

Hapo ndipo amplifaya ya servo inapofaa. Kwenye ekseli ya mota hufungwa takometa, jenereta ndogo ambayo volti zake huongezeka kadiri mota inavyokwenda kasi. Amplifaya hulinganisha volti hizo na zile za swichi ya fundi, ambazo kwa kawaida hazizidi 10. Ikigundua upungufu, huiongezea mota umeme papo hapo. Kasi ikizidi, huupunguza. Umeme wenyewe hutumwa kwa vipigo vifupi, maelfu kwa sekunde, hivyo nguvu nyingi haipotei kuwa joto.

Aidha, kifaa hiki huweza kuwekewa kikomo cha mkondo ili mota isiungue kisu kikikwama.

Lakini amplifaya haichukui nafasi ya makapi. Ukanda unapopunguza kasi huongeza nguvu ya kuzungusha, amplifaya haiongezi. Kazi nzito ya kasi ndogo ingali inahitaji kapi kubwa.

Hatari kuu imo katika waya wa takometa. Ukikatika, amplifaya hudhani mota imesimama na kuisukuma kwa nguvu zote. Nyaya zikibadilishana, hali huwa hiyo hiyo: kadiri mota inavyokimbia, ndivyo inavyozidi kusukumwa. Kipande kizito kinaweza kuchomoka na kuua.

Kwa sababu hiyo, jaribio la kwanza hufanywa ukanda ukiwa umetolewa, kikomo cha mkondo kikiwa chini, na swichi ya dharura ya kukata umeme wote ikiwa karibu. Vilevile, mota haifai kusimamishwa ghafla iwapo kishikio cha kazi kimefungwa kwa skrubu, kwani kinaweza kujifungua na kuanguka.

Umeme ukishazimwa, kapasita za amplifaya huweza kubaki na volti za kudhuru. Fundi hazigusi nyaya kabla ya kuhakikisha kwa kipimo kuwa zimeisha.