Kiwanda Kilifungwa, Risasi Ikabaki

Hapa Kipkelion jamaa wa vyuma chakavu hupita akiuliza betri mbovu. Unamuuzia, unapata ya kununua mkate, maisha yanaendelea. Lakini hebu jiulize, ile betri huenda kuyeyushwa wapi, na karibu na nyumba ya nani?

Twende Mombasa, mtaa wa mabanda wa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha Kenya Metal Refineries EPZ kilianza kuyeyusha betri kuukuu hapo hapo ukutani mwa watu, kikitoa risasi. Si ya bunduki, ni ile metali nzito iliyo ndani ya betri. Ukiivuta kwa moshi au kuinywa kwa maji inaingia kwenye damu, na watoto ndio huumia zaidi, hasa ubongo.

Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi, na ilimfikia kupitia maziwa ya mama. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele, hadi akakamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Hapo wengi wangesema kesi imeisha, si ndio? Mwenye mali ameondoka, lakini udongo haukuondoka naye.

Julai 2020 korti ya mazingira Mombasa ikaamua wakazi, kama 3,000 hivi, walipwe shilingi bilioni 1.3. Pia udongo, maji na taka visafishwe kwa miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kufanya usafi huo.

Sasa sehemu inayoniuma ni mgao wa lawama. Kiwanda kilibebeshwa asilimia 25. NEMA, wale tunaowalipa kutulinda, asilimia 40! Wizara mbili nazo zikapata zao. Kwa hivyo mwenye faida alibeba kidogo kuliko mwenye muhuri, na pesa za mwenye muhuri ni ushuru wako na wangu. Mimi naona korti ilikuwa sawa kabisa: bila idhini, ile tanuri isingewaka. Ila tusijidanganye kuhusu nani anatoa mfukoni.

Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikarudisha hesabu ya fidia nyuma. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha ule uamuzi wa kwanza. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa ashafika miaka 17. Rika la wengi wenu mnaosoma hapa.